Tusimcheke Anayekoroma

Katika mabweni ya shule hakuna mtu achekwaye sana kama yule akoromaye usiku. Wengine humwita trekta, wengine humrushia kiatu, na asubuhi wako hodari wa kumwiga mbele ya darasa zima. Nionavyo mimi, mchezo huu haufai. Ni utovu wa adabu, lakini liko neno kubwa zaidi: wale wanaocheka ndio mashahidi wa pekee wa jambo linaloweza kumdhuru mwenzao, maana mwenyewe amelala wala hajisikii.

Watu wengi huamini kwamba kukoroma ni alama ya usingizi mnono. Sivyo. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikipita kwa shida, nyama laini za koo hutikisika, na ndiyo sauti tunayoisikia. Kwa wengi jambo huishia hapo, wala hakuna hatari kubwa. Lakini kwa wengine njia hiyo huziba kabisa. Sauti hukatika ghafula. Kifua hujitahidi, hewa haipiti, kwa sekunde 10, pengine 30 au zaidi. Kisha mtu hushtuka, huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, na kulala tena asikumbuke lolote. Madaktari huhesabu mara ambazo hewa hukatika au kupungua: kuanzia mara 5 kwa saa huwa ni ugonjwa, na zikifika 30 ni ugonjwa mkali.

Sasa tuutazame moyo. Kila pumzi inapokatika, oksijeni katika damu hupungua. Mwili hushtuka kana kwamba umevamiwa: mishipa hukaza, moyo hupiga mbio, na shinikizo la damu hupanda. Usiku ndio wakati wa moyo kupunguza kazi, kwa kuwa shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka alalapo. Mgonjwa huyu hana mapumziko hayo. Tena, kifua kinapovuta hewa na koo limefungwa, kuta za moyo nazo huvutwa. Mambo hayo yakirudiwa mara nyingi kila usiku, mwaka baada ya mwaka, shinikizo huweza kubaki juu hata mchana, na mapigo ya moyo huweza kupoteza mpango wake. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye shinikizo la juu la damu, moyo uliodhoofika au kiharusi, 40 hadi 80 wana ugonjwa huu wa usingizi.

Kicheko kimetuchelewesha sana. Mwaka 1836 Mwingereza Charles Dickens alianza kutoa hadithi ya Bwana Pickwick, ambamo yumo kijana mnene aitwaye Joe, asinziaye hata akiwa kazini. Watu walimcheka kwa miaka 120, hata mwaka 1956 madaktari wa Marekani walipoupa ugonjwa wa namna hiyo jina la Pickwick. Mwaka 1965 madaktari wa Ufaransa na Ujerumani walipima jinsi pumzi inavyokatika usingizini. Na mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza mashine isukumayo hewa puani ili koo lisizibe.

Labda mtu atapinga, akisema mashine hiyo imejaribiwa na haikuuokoa moyo. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 2,600 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, na mashine haikupunguza mashambulio mapya, ingawa ilipunguza usingizi wa mchana. Lakini wagonjwa wale waliivaa kwa wastani wa saa 3 na dakika chache tu kila usiku. Kwa maoni yangu, uchunguzi huo hautufundishi kudharau ugonjwa. Unatuonya tusingoje mpaka moyo umekwisha kuharibika, wala tusidhani mashine iliyowekwa kando ya kitanda ni hirizi.

Basi tufanye nini? Ninyi mlio shuleni, mkimsikia mwenzenu akikata pumzi usingizini, mwambieni faraghani, kisha mweleze matroni au mwalimu wa bweni. Mara nyingi kwa watoto na vijana kisa ni mafindofindo makubwa, ambayo daktari aweza kuyaondoa. Na waalimu wetu, kwa heshima zote, wafikiri kabla ya kumwadhibu anayesinzia kila siku darasani: huenda si mvivu, bali hajapata kulala.

Nanyi wanafunzi wa zamani, ambao vyeo vimewapa viti na viti vimewapa vitambi, neno hili ni lenu zaidi. Unene, shingo nene, na pombe ya jioni huongeza kuziba kwa koo. Punguzeni uzito, laleni ubavu badala ya chali, na mpimwe shinikizo la damu, kazi ya dakika chache. Likikataa kushuka ijapokuwa mnameza vidonge, mwambieni daktari kwamba mnakoroma. Na mke akisema, "Baba fulani, usiku ulinyamaza nikadhani umekufa," msimkasirikie. Huyo ameona ambalo ninyi hamwezi kuliona.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini anayekoroma hafichi kitu, hajui tu. Sisi tunaojua tukicheka na kunyamaza, ndio tunaoficha.