Anayepiga Hodi

Watu wengi huchanganya chama cha siasa na kikundi cha kuishinikiza Serikali. Chama hutaka kutawala. Kikundi hutaka kusikilizwa tu. Lakini vikundi navyo havilingani. Kipo chenye kitu ambacho Serikali hukihitaji. Hicho huitwa barazani kunong'ona na wakubwa. Na kipo kisicho na kitu ila haki yake. Hicho hubaki nje kikipiga hodi.

Historia ya Tanganyika yatupa mfano ulio wazi. Walowezi wa Kizungu walikuwa wachache, lakini walikuwa na mashamba makubwa, na sauti yao ilisikika ndani ya Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1926. Mwafrika hakuingia humo mpaka mwaka 1945. Basi mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili walowezi wapate ardhi ya kufugia ng'ombe. Wameru walikwisha kupinga, wala hawakuhesabiwa. Ndipo walipomtuma Bwana Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Huko alisikilizwa, lakini azimio la kuwarudishia ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu.

Je, safari ile ilikuwa bure? Hata kidogo. Habari zake ziliwafumbua macho watu wa majimbo mengine. Chama cha Waafrika, kilichoanza mwaka 1929 na kuzoea kuomba na kushauri, kiligeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai, 1954. Waliokuwa wakiomba kusikilizwa sasa walidai kutawala, na mwaka 1961 nchi ikawa huru.

Somo hili halikufa pamoja na ukoloni. Kila Serikali, hata iliyochaguliwa na wananchi wenyewe, ina wageni wake wa barazani: matajiri, wataalamu, wenye bidhaa. Kuwasikiliza si kosa. Kosa ni kudhani kwamba ukimya wa walio nje ni ridhaa. Mkulima au mfugaji asiye na rafiki ofisini huenda ndiye mwenye haki. Yatupasa tupime uzito wa hoja, si ukaribu wa msemaji na kiti. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na anayepiga hodi bila kuitikiwa hatapiga hodi milele.