Bunduki Kuukuu ya Kivita au Mpya ya Dukani: Sheria Huamua Kabla ya Bei

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Kila ifikapo Septemba, Mwezi wa Msamaha uliowekwa na Umoja wa Afrika mwaka 2017 na kuongezewa muda hadi mwaka 2030, nchi wanachama huhimizwa kuwapa raia wao nafasi ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Kwa wakulima wa kata ya Ngombezi katika Halmashauri ya Mji Korogwe, na wenzao wa upande wa Handeni, wito huo unagusa jambo la kila msimu: ulinzi wa mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Mkulima mwenye fedha kidogo anayefikiria kumiliki bunduki hujiuliza iwapo anunue kuukuu iliyowahi kuwa ya jeshi kwa kuwa ni rahisi, au ajikusanye anunue mpya.

Jibu la kwanza halipo dukani bali katika sheria. Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, inazitaka nchi kuwazuia kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha na zile zinazojipakia risasi zenyewe za kundi la raifo. Sehemu kubwa ya silaha za kivita zilizozagaa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu baada ya vita vya miongo iliyopita ni za aina hiyo. Kwa silaha hizo hakuna cha kulinganisha: hazinunuliki kihalali kwa bei yoyote.

Zinazobaki ni raifo za zamani za kukoki kwa mkono, ambazo baadhi zilianza maisha yake jeshini kabla ya kuingia mikononi mwa wawindaji na wenye mashamba. Hizo nazo hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka mmiliki awe na leseni na athibitishwe kuwa ana uwezo wa kuitumia silaha kwa usalama. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Bunduki ya marehemu haimwangukii mtoto kama jembe au panga. Huripotiwa Polisi, na mrithi anayeitaka huomba kwa jina lake. Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha za raia, na zoezi la namna hiyo ndilo humtenga mwenye kumbukumbu sahihi na asiye nazo.

Swali la pili ni la ubora, na historia ya Tanga inalo somo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani nchini walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Zilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, jeshi hilo lilijinufaisha kwa bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza. Aprili mwaka uliofuata, meli ya Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na shehena ya silaha. Risasi zake zililowa maji ya bahari. Zilifunguliwa na kukaushwa, na bado nyingi zilikataa kulia.

Somo hilo halijachakaa. Bunduki kuukuu inaweza kuwa na mtutu ulioliwa na kutu kwa ndani au kifungio kilicholegea, hali inayoweza kumdhuru mpigaji mwenyewe. Risasi za kipimo chake huenda hazipatikani kwa wauzaji wenye leseni, na hapo ndipo mmiliki hushawishika kuzitafuta kwa njia za panya. Unafuu wa siku ya kununua hugeuka gharama ya miaka.

Aidha, silaha ya kivita haikukusudiwa kwa shamba. Risasi ya raifo huweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, ilhali marisau ya shotigani hupoteza nguvu ndani ya mamia ya mita. Katika eneo ambalo mashamba ya mahindi hupakana na makazi, njia za wanafunzi na mkonge wenye wakataji, tofauti hiyo ni uhai wa mtu.

Hata hivyo, bunduki mpya nayo si ruhusa ya kuua kila mnyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inalinda wanyama, na tembo akiingia shambani wa kuitwa ni maofisa wanyamapori. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali waliotajwa, na kifuta machozi kwa walioumizwa au kufiwa. Mwananchi anayetoa taarifa mapema hurahisisha tathmini ya hasara yake.

Kwa anayeona bado anahitaji silaha, mpangilio salama ni kuanza na maombi kupitia serikali ya mtaa au kijiji na Polisi, kisha kununua kwa muuzaji mwenye leseni. Atakayechagua iliyotumika ahakikishe namba iliyochongwa kwenye chuma inalingana na ya kwenye karatasi, fundi anayetambulika ameikagua, na risasi zake zinauzwa kihalali. Kimojawapo kikikosekana, bei nafuu haina maana.

Wapo pia wenye gobore au bunduki ya babu darini, isiyo na karatasi. Kumiliki silaha bila leseni hushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, lenye adhabu ya miaka mingi gerezani. Kipindi cha msamaha kinapotangazwa, anayeisalimisha kwa kufuata masharti ya tangazo hashtakiwi kwa kuimiliki. Kikiisha, silaha ileile iliyopokelewa kwa hiari huwa kielelezo mahakamani.