Likizo Hii, Achana na Vitabu vya Mafanikio

Kila likizo inapokaribia, orodha zilezile huanza kuzunguka kwenye simu zetu: vitabu vya kuamka saa kumi alfajiri, vya kufikiri kama tajiri, vya kushinda uvivu. Nimechoka nazo. Kijana amehitimu, amezungusha barua za maombi hadi viatu vimetoboka, halafu anashauriwa apunguze usingizi!

Mimi nakusihi usome Wizard of the Crow, riwaya ambayo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza na kuitoa mwaka 2006. Utacheka mpaka mbavu ziume. Kamĩtĩ ana shahada kutoka India lakini kazi hana. Akikimbizwa na polisi, anajisingizia uchawi ili kuwatisha. Baadaye polisi mmoja anarudi kumwomba amsaidie kupanda cheo. Mawaziri nao wamekwenda ng'ambo kufanyiwa upasuaji: mmoja apanuliwe macho, mwingine masikio, ili wawaone na kuwasikia maadui wa Mtawala. Majina yao ni Machokali na Sikiokuu. Msomaji wa London itabidi aelezwe. Sisi tunacheka papo hapo.

Najua mtaniambia vichekesho tunavyo tele, kwamba viongozi wanachorwa vibonzo mitandaoni kutwa kucha. Ni kweli. Lakini vibonzo hivyo humcheka kiongozi peke yake, nasi tunabaki tukijiona werevu. Ngũgĩ hatuachii hivyo. Mtawala anataka kujengewa mnara wa kufika mbinguni, kwa mkopo wa benki ya kigeni. Mbele ya ofisi ya Tajirika, mwenyekiti wa mradi huo, matajiri wanapanga foleni na pesa za kumhonga, na wasio na kazi wanapanga yao. Foleni zinarefuka hadi watu wanajiunga bila kujua zinaelekea wapi. Hapo kicheko kilinikauka, kwa sababu hao hawakuwa mawaziri tena. Walikuwa sisi.

Vitabu vya mafanikio vinakufundisha mbinu za kusogea mbele kwenye foleni. Riwaya hii inakufanya uulize foleni yenyewe ni ya nini na nani anafaidika ukiendelea kusimama. Usiogope unene wake, kurasa zaidi ya 700. Soma 30 kwa siku. Likizo haitaisha kabla hujaimaliza.