Tarakimu Yenye Shaka Irudishwe kwa Mwandishi

Muuguzi wa zahanati wilayani Songea aandikapo uzito wa mtoto, kilo 12, na mkia wa tarakimu ya mwisho ukafifia, kompyuta yaweza kusoma 17. Kosa hilo si dogo. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila dozi, ilhali wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2.

Kalamu ya kidijitali, ambayo kamera yake ndogo husoma nukta zilizochapwa kwenye fomu, hunakili mwendo wa mkono. Haijui alichokusudia mwandishi. Kwa hiyo fomu ndiyo irekebishwe kwanza, kabla ya kumlaumu muuguzi kwa mwandiko wake. Kila tarakimu ipewe kisanduku chake. Jinsia na majibu ya kipimo yawekewe alama ya vema badala ya maneno. Kosa likatwe na jibu liandikwe upya pembeni.

Zaidi ya yote, tarakimu yenye shaka irudishwe kwa aliyeiandika kabla mama hajaondoka na mwanawe. Kusubiri kalamu iunganishwe na kompyuta jioni ni kuchelewa: kidonge kitakuwa kimekwisha kumezwa.