Mnatafuta wa Kulaumu, Hamtafuti Sababu

Wasee, chombo kikizama hapa Kenya, kitu cha kwanza unasikia ni nini? "Nahodha alikosea." "Walijaza watu." "Dereva alisahau handibreki." Wiki moja ikiisha stori imekufa, na sisi tumerudi kupanda feri ile ile.

Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini kutoka kwenye feri pale Likoni. Ndani kulikuwa na mama na bintiye. Liliopolewa Oktoba 11. Nilikuwa bado sekondari, na nakumbuka vile watu walikuwa wanambishania mama wa watu mtandaoni: mbona hakuvuta breki, mbona hakutoka. Waliouliza swali la maana walikuwa wachache sana. Hata tuseme ni breki, mbona feri inayobeba magari mchana na usiku haikuwa na kitu cha kulizuia gari lisianguke? Binadamu atasahau tu. Mimi hapa nimesahau mpaka chuo, niliacha mwaka wa pili. Lakini mtu akisahau kitu kidogo hafai kufa.

Waingereza walijua hili kwa uchungu. Machi 6, 1987, feri yao Herald of Free Enterprise ilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia, ikapinduka, watu 193 wakafa. Baharia wa kufunga milango alikuwa amelala. Rahisi, si ndiyo? Mfunge huyo, twende nyumbani. Lakini uchunguzi ulichimba zaidi, ukakuta manahodha walikuwa wameomba kampuni iwawekee taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wakapuuza. Taa tu, bana! Mwaka 1989 Uingereza ikaanzisha MAIB, kitengo cha kuchunguza ajali za majini. Kazi yake si kumtia mtu hatiani. Inatafuta kilichotokea, inaandika ripoti, na yeyote anaweza kuisoma.

Sasa njoo kwetu. Ndege ikianguka, kuna AAID, idara ambayo iko kando na KCAA inayotoa leseni. Na meli je? Sheria ya KMA ya 2006 imeipa mamlaka hiyo hiyo moja kazi ya kukagua vyombo na pia kuchunguza ajali zake. Yaani kama mkaguzi alipitisha chombo kibovu, ofisi yake ndiyo itauliza nani alikipitisha. Sisemi watu wa huko ni wabaya. Nasema hata mtu mzuri hafai kusahihisha mtihani wake mwenyewe.

Na usiniambie pesa hakuna. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama, watu 272 wakafa, karibu kabisa na nchi kavu. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ni wangapi kati yenu mnaopanda feri kila asubuhi mmewahi kuona ripoti ya ajali hiyo, hata kurasa mbili? Tunataka kitengo kinachojitegemea, na ripoti iwekwe wazi kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha mawakili.

Na hicho kitengo kisiishie kwa feri na meli kubwa. Mjomba wangu anavua omena Ziwa Victoria, usiku, na taa. Jaketi la kuokoa maisha liko nyumbani, kwa sababu linamchosha akivuta nyavu na hakuna aliyewahi kumuuliza lingeundwaje ndio alivae. Mwaka juzi boti ya rafiki yake ilipinduka upepo ulipobadilika, kijana mmoja akafa maji. Alikuja mtu mmoja, akaandika jina la marehemu kwenye daftari, akaenda. Hakuangalia boti. Hakuuliza mzigo ulikuwa kiasi gani wala injini ilizimika saa ngapi. Wiki iliyofuata boti ilipigwa rangi na ikarudi ziwani na injini ile ile.

Daftari hilo liko wapi leo?