Kitanda Hakimwinui Mgonjwa wa Kiharusi

Kuna hoja iliyochapishwa inayosema aliyepata kiharusi asisimame mpaka mguu upate nguvu, asije akaanguka na kuvunjika nyonga. Hofu ya nyonga ni halali. Dawa yake ndiyo kichekesho. Nguvu hizo zitatoka wapi chini ya blanketi, hata kwa baridi ya Julai ya Njombe? Misuli isiyotumika husinyaa. Ubongo hujifunza upya kuuzuia mwili usiyumbe kwa kurudiarudia: kuinuka kitini, kuegemea mguu dhaifu, msaidizi akisimama upande huohuo. Hoja hiyo inadai pia eti hatari iko nje, kwenye matope ya Makambako! Wengi huanguka ndani ya nyumba, wakigeuka ghafla au wakienda chooni usiku. Basi taa iwake, kandambili ziachwe, fimbo ishikwe kwa mkono mzima, na mazoezi yaanze mara mtaalamu anaporuhusu.