UCHAMBUZI: Mlingoti wa mashambani humfaa pia mkazi wa Mtopanga

MKAZI wa Mtopanga, katika eneo bunge la Kisauni, Mombasa, hana sababu kubwa ya kulalamikia ukosefu wa mawimbi ya simu. Akitaka kuzungumza, huchagua kampuni aipendayo. Akitaka kutuma pesa, vibanda vya mawakala haviko mbali na mlango wake.

Tatizo lake huanza anapompigia mzazi aliyebaki nyumbani, ndani kabisa ya Kilifi, Kwale au Tana River, akajibiwa na ile sauti inayojulikana nchini kote kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi Machi 2007, sauti hiyo imekuwa na uzito zaidi ya ule wa salamu zilizokosa kufika. Mtumaji aliye Mtopanga hupata ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa zimetoka. Mpokeaji asiye na mtandao hana habari hizo, na hata akizipata, ni lazima asafiri hadi mahali penye mawimbi na wakala ndipo azitoe. Nauli na siku iliyopotea havionekani katika ada zilizobandikwa kwenye kibanda, ingawa ni gharama halisi za huduma hiyo.

Hivyo basi, mjadala kuhusu fedha za umma zinazotumiwa kupeleka simu mashambani si wa wanavijiji pekee. Unamhusu pia mkazi wa mjini ambaye, kwa mtazamo wa haraka, angeweza kudhani kwamba anagharamia raha ya wengine.

Fedha zenyewe hutoka katika Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyobuniwa na sheria ya mwaka 2009 ya kurekebisha sekta ya mawasiliano, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2010. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo enzi hizo iliitwa Tume ya Mawasiliano. Sheria inaruhusu kampuni zenye leseni kutozwa hadi asilimia moja ya mapato yao ya mwaka kabla ya gharama kuondolewa. Kiwango kilichowekwa ni nusu ya asilimia.

Kwa maneno mengine, kinachoitwa msaada wa serikali hutoka kwanza katika mapato ya kampuni, nayo mapato hayo hutoka mfukoni mwa anayenunua muda wa maongezi. Anayezungumza sana, na wengi wao wako mijini, ndiye anayechangia zaidi.

Kampuni hazikwepi mashambani kwa chuki. Mlingoti mmoja hudai ardhi, chuma, mitambo, ulinzi na njia ya kuusafirishia mawasiliano hadi kwenye mkongo mkuu. Mahali pasipo na umeme wa gridi, hudai pia jenereta na dizeli, au paneli za jua na betri. Katika mtaa wenye watu wengi kama Mtopanga, gharama hizo hugawanywa miongoni mwa maelfu ya wateja. Katika malisho ya Tana River, mlingoti wa aina hiyo hiyo huenda ukahudumia familia chache zinazohama kufuata maji.

Usalama nao huongeza hesabu. Katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, milingoti kadhaa imewahi kuharibiwa na washambuliaji wa Al-Shabaab, na wakazi wakabaki gizani kimawasiliano huku mafundi wakiogopa kwenda kuitengeneza.

Ukubwa wa pengo ulianikwa na utafiti wa Mamlaka hiyo wa mwaka 2016. Ilibainika kwamba takriban asilimia 94 ya Wakenya walikuwa wakiishi mahali penye mawimbi ya simu, lakini mawimbi hayo yalifunika chini ya nusu ya ardhi ya nchi. Kata ndogo 164 hazikuwa na huduma yoyote. Nyingi zilikuwa katika maeneo kame na yale yaliyo nusu kame, yakiwemo Turkana, Marsabit, Samburu, Wajir na Tana River.

Mwaka 2017, Safaricom na Telkom Kenya zilipewa kandarasi za kujenga milingoti katika kata ndogo 78 katika awamu ya kwanza. Mpango mwingine wa hazina hiyo ulilenga kuunganisha shule za sekondari 896 na intaneti ya kasi. Awamu nyingine za milingoti zimefuata baadaye.

Hatua hizo zinastahili kutambuliwa, lakini kalenda yake inazua swali. Kutoka kutungwa kwa sheria mwaka 2009 hadi kandarasi hizo za mwaka 2017 ni miaka minane. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao hazina ilibuniwa alikuwa tayari shule ya msingi kabla ya zabuni ya kwanza ya milingoti kukamilika.

Katika kipindi hicho hicho, Mombasa iligeuka kuwa lango la mawasiliano la kanda nzima. Mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, ulizinduliwa Juni 2009. SEACOM ukafuata Julai mwaka huo, na mwaka 2012 ukawasili Nyali ule wa LION2. Ujumbe ukaweza kuvuka bahari kutoka Ghuba hadi jirani ya Kisauni kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kisha ukashindwa kuumaliza mwendo wa kilomita chache za mwisho ndani ya kaunti jirani. Bahari ilikuwa na mwekezaji kwa sababu ng'ambo yake kulikuwa na wateja, ilhali kichaka hakikuwa na mteja wa kutosha wa kumvuta yeyote.

Yapo malalamiko ya mjini ambayo hayafai kupuuzwa. Mkazi wa Mtopanga anaweza kuuliza kwa haki ni kwa nini apangiwe kuchangia mlingoti wa mbali ilhali yeye mwenyewe huona muda wa maongezi na vifurushi vya intaneti kuwa ghali.

Hata hivyo, anayetaka kujua kinachompandishia bei hana budi kutazama kodi kwanza. Ushuru wa bidhaa unaotozwa huduma za simu na intaneti ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, ukarudishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023. Mwaka huo wa 2023, ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu nao ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Juu ya hayo, muda wa maongezi hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ikilinganishwa na makato hayo, nusu asilimia ya mapato inayoingia katika hazina ni tone. Serikali huchuma kwa simu mara nyingi zaidi ya inavyopanda.

Jibu la pili kwa mlalamishi huyo ni kubwa zaidi. Barabara ya lami mbele ya nyumba humfaa mwenyeji hata kama hamjui jirani yake. Simu haiko hivyo, kwa sababu thamani yake hutegemea aliye upande wa pili. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nayo simu moja haifanyi mazungumzo. Kila kijiji kinachounganishwa huongeza idadi ya watu ambao mkazi wa Mtopanga anaweza kuwafikia, bila yeye kununua simu nyingine. Kwa hivyo nusu asilimia hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa sadaka, kwani inalipia nusu ya simu yake iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka kwa sababu serikali yenyewe imehamia simuni. Juni 2023, Rais William Ruto alizindua takriban huduma 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, mojawapo ya njia za kujisajili ilikuwa kubonyeza *147# kwenye simu. Serikali inayomtaka raia ajisajili kwa simu imejitwika wajibu wa kuhakikisha kwamba simu hiyo inashika mawimbi. La sivyo, asiye na mtandao hukosa simu na hukosa dawa kwa mpigo mmoja.

Changamoto ni kwamba kujenga mlingoti ni jambo moja, na kuhakikisha unafanya kazi ni jambo jingine. Mwaka 2023, wateja wengi wa Telkom walikosa huduma baada ya mitambo kuzimwa kufuatia mzozo wa deni na kampuni inayomiliki milingoti. Chuma kilibaki kimesimama, lakini mawimbi yalikuwa yamekatika.

Mbinu mpya nazo si dawa ya kila ugonjwa. Julai 2020, Telkom ilishirikiana na kampuni ya Loon, iliyo chini ya mmiliki wa Google, kurusha intaneti kwa maputo yaliyoelea angani juu ya sehemu za magharibi na kati mwa Kenya. Januari 2021, Loon ilitangaza kufungwa kwa sababu biashara hiyo haikuweza kujikimu. Intaneti ya setilaiti ya Starlink iliwasili nchini Julai 2023, lakini inahitaji kifaa maalumu na malipo ya kila mwezi ambayo si rahisi kwa mfugaji mmoja mmoja.

Zaidi ya hayo, kuwa na mawimbi si sawa na kuyatumia. Shirika la kampuni za simu duniani, GSMA, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba asilimia nne hivi ya watu duniani wanaishi mahali pasipo na intaneti ya simu, ilhali asilimia 39 wanaishi penye mawimbi lakini hawaitumii. Bei ya kifaa na ukosefu wa ujuzi ni miongoni mwa vizuizi vikuu. Kenya iliwahi kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa simu za mkononi mwaka 2009, kisha ikairejesha mwaka 2013. Ni vigumu kuelewa busara ya kumjengea mwananchi mlingoti kwa mkono mmoja na kumpandishia bei ya simu kwa mkono wa pili.

Kenya haiko peke yake katika safari hii. Uganda ilianzisha mfuko wake wa mawasiliano vijijini mapema miaka ya 2000. Tanzania ilitunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006, na Mei 2023 ikatiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Wala utajiri pekee hauhakikishi mafanikio. Uingereza ilitenga pauni milioni 150 mwaka 2011 kwa ajili ya milingoti katika maeneo yasiyo na simu, ikikusudia kujenga hadi 600. Mpango ulipofungwa mwaka 2016, iliyokuwa imejengwa ilikuwa 75 tu. Mwaka 2020, nchi hiyo ilibadili njia na kuzitaka kampuni zake nne zishirikiane, huku kila upande, serikali na kampuni, ukibeba sehemu ya gharama.

Mafunzo kwa Kenya yako wazi. Kwanza, mlingoti uliogharamiwa na hazina ya umma unafaa kuwa wazi kwa kampuni zote kwa ada nafuu, ili mwanakijiji asilazimike kuhama mtandao na ili mlingoti wa pili usijengwe kando yake bila sababu. Pili, ruzuku ilipwe kwa awamu kulingana na siku ambazo huduma ilikuwepo, wala si kwa kukamilika kwa ujenzi pekee. Mkandarasi akijua kwamba malipo yake yatategemea mawimbi ya mwaka wa tatu, atafikiria mapema dizeli, betri na fundi.

Tatu, orodha ya kata ndogo zilizofadhiliwa iwekwe mahali ambapo kila raia anaweza kuiona, ikionyesha mkandarasi, kiasi cha fedha na hali ya huduma mwezi hadi mwezi. Mkazi wa Mtopanga ambaye nyumbani kwao kumepangiwa mlingoti ndiye mkaguzi bora zaidi ambaye serikali ingeweza kumpata, na hahitaji marupurupu, kwani yeye hupiga simu huko kila wiki.

Kwa miaka mingi, ufanisi wa hazina hii umetangazwa kwa idadi ya milingoti na shule. Takwimu hizo ni muhimu, lakini hazimjibu aliyetuma pesa za dawa jioni na kuendelea kungoja habari hadi asubuhi. Kwake yeye, mlingoti umekamilika siku mzazi wake atakapopokea simu akiwa ameketi uani, bila kupanda kilima kwanza.